Choo kigumu na tumbo kujaa gesi: je, ninunue unga wa kusafisha utumbo?

NdiziMbichi

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mama wa miaka 38, ninaishi Mbagala na ninafanya kazi ya uhasibu katika ofisi moja ya Posta. Kwa miezi mitano sasa ninapata choo mara mbili tu kwa wiki, tena kigumu na cha kujikamua, na ifikapo alasiri tumbo hujaa gesi hata nikalazimika kulegeza kifungo cha sketi nikiwa nimeketi mezani. Juzi mwanamke mmoja auzaye dawa kwa njia ya simu alinishauri ninunue unga wa kusafisha utumbo kwa shilingi 85,000, akidai kwamba uchafu wa miaka mingi umeganda ndani. Nilikuwa nimejaribu njia yangu mwenyewe, nikala maharage sahani tele siku nne mfululizo, nusura nipasuke.

Nimelelewa na bibi huko Kibosho, Kilimanjaro, ambako kiburu (ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja), ndizi na mboga za shambani vilikuwa chakula cha kila siku, wala sikumbuki mtu akilalamikia choo. Je, utumbo wangu umeshazoea chakula cha mjini kiasi cha kutoweza kurudi ulikotoka? Na huo unga una ukweli wowote?

AfisaLisheMstaafu

Dada, tuanze na huo unga. Hakuna uchafu wa miaka mingi unaoganda kwenye kuta za utumbo, kwa sababu utando wa ndani hujivua na kujijenga upya kila baada ya siku chache. Dawa nyingi za aina hiyo ambazo nimewahi kusoma vibandiko vyake nguvu yake ni sanamaki, majani ambayo watu wa pwani wameyajua tangu zamani kuwa ni haluli, yaani dawa ya kuharisha. Sanamaki huuchokoza utumbo usukume, na kwa siku moja mbili inaweza kumsaidia mtu, lakini anayeinywa kila wiki hupoteza maji na madini ya mwili huku sababu ya ugonjwa wake ikibaki palepale. Shilingi 85,000 ni bei kubwa mno kwa kuharisha.

Kuhusu kurudi nyuma, kuna habari njema kutoka kwenu kabisa. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walichapisha katika jarida la Nature Medicine matokeo ya jaribio lililohusisha wanaume 77 wa Kilimanjaro. Baadhi ya watu wa vijijini waliozoea chakula cha asili walilishwa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, baadhi ya watu wa mjini wakalishwa chakula cha asili kwa muda huohuo, na kundi jingine likanywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Waliohamia chakula cha kizungu walionyesha dalili zaidi za uvimbe-joto (kinga ya mwili kuwaka kana kwamba kuna jeraha) katika damu, ilhali kwa wale wa chakula cha asili na wa mbege dalili hizo zilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Walikuwa wanaume watupu, jambo linalonikera kidogo, lakini jaribio hilo linatuonyesha kwamba mwili wa mtu mzima haujasahau.

Maharage yako hayakuwa kosa. Kosa lilikuwa haraka. Nyuzinyuzi hatuzimeng'enyi sisi, bali bakteria wa utumbo mpana ndio wanaozichachusha, na katika kazi hiyo hutoa gesi pamoja na asidi ambazo chembe za utumbo huzitumia kama chakula. Bakteria waliozoea sembe na wali mweupe ukiwaletea ghafla sahani nzima ya maharage, matokeo ni hayo uliyoyaona. Anza na vijiko vitatu, uongeze kidogo kidogo kwa majuma kadhaa hadi ukaribie gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, ambacho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani humshauri mtu mzima.

Lakini tumbo halikai peke yake. Unatoka nyumbani saa ngapi, unakula nini na wapi, na kuna dawa yoyote unayotumia?

NdiziMbichi

Ninatoka saa kumi na moja alfajiri kabla sijatia chochote mdomoni. Saa mbili ninakunywa chai ya rangi na chapati mbili nikiwa kazini, mchana wali na nyama au chipsi, usiku ugali wa sembe. Maji ninayakwepa, kwa kuwa choo cha ofisi kiko ghorofa ya chini na ufunguo hukaa kwa mlinzi, ambaye humwuliza mtu kila mara kama atachelewa. Dawa ni vidonge vya kuongeza damu tu, nilivyoandikiwa miezi sita iliyopita.

AfisaLisheMstaafu

Basi tumeshafika jikoni. Vidonge vya madini ya chuma hukausha choo kwa watu wengi, na tarehe zako zinakaribiana mno na mwanzo wa tatizo. Usiviache kwa uamuzi wako. Rudi kwa daktari umwulize kama damu imeshapanda, au kama unaweza kuvimeza siku moja na kuruka moja. Tena usivimeze na chai ya rangi, maana chai huzuia chuma kisifyonzwe, chungwa husaidia.

La pili ni saa. Mtu akila baada ya usiku mzima, tumbo huuamsha utumbo mpana, na hapo ndipo haja humjia kwa urahisi zaidi. Wewe saa hiyo uko ofisini unaogopa ufunguo. Haja ikizuiliwa kila siku, choo hukaa, maji yake hufyonzwa, nacho huwa kigumu. Amka dakika 20 mapema, unywe uji na maji ya uvuguvugu, kisha ukae chooni bila simu, miguu ikiwa juu ya kigoda.

MamaKimea

Mwanangu, jaribu togwa. Pika uji wa kawaida, uache upoe hadi kidole kivumilie, kisha koroga unga wa kimea cha ulezi. Utauona uji mzito ukilegea na kuwa mtamu mbele ya macho yako. Ukitia kimea uji ungali wa moto sana, hakitafanya kazi. Funika hadi kesho yake uchachuke. Maharage yaloweke usiku, umwage yale maji. Sembe badilisha kwa dona, ila mahindi yawe makavu na yasiyo na ukungu, maana sumukuvu nyingi hukaa kwenye pumba na kiini ambavyo dona haiondoi.

MuuguziWaZamu

Naongeza moja tu. Ukiona damu kwenye choo, ukipungua uzito bila sababu, ukitapika, au tumbo likivimba huku huwezi hata kutoa hewa, nenda hospitali usingoje togwa. Vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini choo kama lami, cha kunata na chenye harufu kali, ni jambo jingine.

NdiziMbichi

Nimerudi baada ya wiki tatu. Daktari alipima damu akaniruhusu kumeza vidonge kwa kuruka siku. Choo sasa ni mara nne au tano kwa wiki. Gesi bado ipo, ingawa si ya kulegeza sketi. Togwa wanaimaliza watoto kabla yangu, kwa hiyo ninapika sufuria mbili. Na ule ufunguo, sisi wanawake watatu wa ofisini tumechanga tukachonga wa pili.