Rafiki kajitolea kutembea nami na mbwa wangu anayewawakia mbwa wengine. Nimkubali?

Mwenye Kito:
Ndugu zangu, habari za leo. Nina mbwa jike wa miaka 4, Kito. Nyumbani ni mpole, hata watoto humlalia. Tukitoka tu, akamwona mbwa mwingine, mwili unakakamaa, manyoya ya mgongoni yanasimama, kisha anajirusha na kubweka mpaka sauti inamkauka. Rafiki mmoja alinishauri nimchape. Mwingine alitoa simu akaanza kutupiga video. Tangu hapo natoka naye alfajiri, peke yangu, nikichungulia kila kona, na narudi mikono ikitetemeka. Sasa kuna mwenzangu anataka kuja nasi kila Jumamosi. Naogopa kumharibia asubuhi yake. Na akija, nimwombe afanye nini hasa?

Baba Doa:
Mkubalie, dada, leo hii hii. Doa wangu alikuwa hivyo hivyo. Mwaka mzima nilitembea peke yangu, na kila nilipoona mbwa kwa mbali nilikaza kamba bila kujijua. Naye kamba ikikaza anajua kuna jambo. Rafiki yangu alipoanza kuja, hakujua lolote kuhusu mbwa. Alinisimulia mambo ya kazini kwake kwa sauti ile ile, hata mbwa alipotokea, na mkono wangu ukalegea wenyewe. Hilo peke yake lilikuwa msaada mkubwa.

Baadaye tukagawana kazi. Yeye hutangulia kama hatua ishirini, akifika kona anachungulia. Akiinua mkono, nageuka. Haniulizi kwa nini, wala hasemi "jaribu tu leo". Kugeuka na mtu asiyekulaumu ni kitu kingine kabisa, niamini.

Wewe kazi yako iwe umbali. Kaa mbali kiasi kwamba Kito anamwona mwenzake na bado anakula. Mbwa atokee kwanza, kipande cha nyama kifuate papo hapo, kila mara. Ukitanguliza nyama, nyama yenyewe itakuwa onyo kwamba adui anakuja. Akikataa kula, mmesogea mno, rudini nyuma.

Asiye na mbwa:
Mimi ndiye rafiki wa namna hiyo, kwa jirani yangu. Asubuhi yangu haijawahi kuharibika. Kinachoniuma ni kumwona anaomba radhi kila dakika, kwa hiyo mwenzako usimwombe radhi, mpe kazi. Mimi kazi yangu ni watu. Kuna wale wanaokuja moja kwa moja wakisema "wangu hana neno!" Nawaendea kabla hawajafika: "Tafadhali baki hapo, wetu anaogopa." Jirani yangu anabaki na mbwa wake tu, hagawanyiki.

Mama Chui:
Kumchapa, hapana. Akipigwa kila anapomwona mbwa, atajifunza kwamba mbwa huleta maumivu. Na kama tabia hii ilianza ghafla, mpeleke kwa daktari wa mifugo, huenda kuna kiungo kinamuuma.

Mwenye Kito:
Nimerudi. Tulitoka Jumamosi na mwenzangu. Mara mbili aliinua mkono, mara mbili tukageuka, naye akaendelea na hadithi ya dada yake pale alipoiachia. Mara ya tatu mbwa alipita ng'ambo ya uwanja. Kito akasimama, masikio mbele, nikahesabu moyoni moja, mbili, tatu. Kisha akageuza shingo akanitazama mimi! Nikampa nyama, magoti yakiniisha nguvu. Nilipoinua kichwa, mwenzangu alikuwa anafuta machozi kwa kiganja. Nilianza kusema samahani nikakumbuka maneno yenu, nikamwambia asante. Amesema wiki ijayo tutoke nusu saa mapema, tupate muda zaidi pale uwanjani.