Wakubwa wenzangu, katuni gani iliwahi kukutoa machozi? Tupeane uzoefu

Mama Doto, Nyegezi
Wakuu, mwadila. Nina mapacha wa darasa la tatu, na tangu shule zifunge sebule yangu ni katuni kuanzia chai ya asubuhi mpaka kulala. Zamani nilikuwa napita tu nikielekea jikoni. Siku hizi nakaa. Juzi shemeji yangu alikuja kuchukua ndoo yake, akasimama mlangoni, akakaa, na filamu ilipoisha alikuwa anajifuta macho kwa kola ya shati. Huyu ni mtu wa kubeba magunia, na msibani sijawahi kumwona akilia.

Watu husema katuni zinatuliza sisi wakubwa kwa kuwa zinaturudisha utotoni. Kwangu haiwezekani; nimekulia Ukerewe kijijini ambako hata TV hatukuwa nayo. Mimi naona tunalia kwa sababu tumeshapita mle mle. Doto analia kwa kuwa samaki mdogo amepotea. Mimi namlilia baba yake, maana najua usiku wa mzazi ambaye mtoto hajarudi unavyokuwa mrefu.

Naombeni visa vyenu wenyewe. Taja filamu, sema ilikugusa wapi. Habari za katuni ipi kali kuliko ipi tuziache kwa leo.

Mama wa Mwaloni
Dada, umeniwahi na huyo samaki. Mimi nafanya biashara ya dagaa hapo Mwaloni, Kirumba. Finding Nemo ya mwaka 2003 niliwekewa na binti yangu wiki moja kabla hajaenda bodingi Tabora, kidato cha kwanza. Mwanzo kabisa mama samaki anauawa, mayai yanaliwa yote, linabaki moja. Baba analilinda hilo moja mpaka mtoto anakosa hewa.

Mume wangu alifariki nikiwa na mimba ya huyu binti. Nimemlea hivyo hivyo. Hata kuogelea hajui, na sisi tunaishi ziwani. Basi kuna pale yule samaki wa buluu mwenye kusahau anamwambia yule baba, kwa maneno yake, kwamba ukihakikisha mwanao hapatwi na lolote, basi hakuna lolote litakalompata maishani. Nilinyanyuka nikaenda uani. Binti akanifuata, hakuuliza kitu, akanisaidia kuanua nguo. Siku ya kumpeleka stendi sikumpa yale masharti yangu yote niliyokuwa nimeyaandaa.

Fundi Spika, Mabatini
Mama, aliyeitunga hiyo, Andrew Stanton, alisimulia kwamba wazo lilimjia alipomtoa mwanawe kwenda bustanini. Alitaka wafurahi pamoja, akajikuta njia nzima anamkanya tu: usiguse hicho, usiende kule. Na Inside Out ya 2015 ni hivyo hivyo. Mwongozaji wake, Pete Docter, alikuwa na binti mchangamfu ambaye alipofika miaka kumi na moja hivi alianza kunyamaza, baba akabaki anajiuliza ndani ya kichwa chake kuna nini. Ndiyo maana sisi wazazi zinatupata. Wanaozitengeneza nao wana watoto nyumbani.

Kijana wa Buhongwa
Lakini wakuu, si michoro tu hiyo? Mtu mzima unalilia mchoro?

Mama Doto, Nyegezi
Mdogo wangu, ndiyo, ni mchoro, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Uso wa mwigizaji ni wa mwigizaji. Wiki ijayo utamwona kwenye filamu nyingine anacheka. Uso uliochorwa hauna mwenyewe. Unamweka mtu wako pale bila kujua.

Ngosha wa Igombe
Sijawahi kuandika kisa hiki popote. Leo naandika.

Filamu yangu ni The Lion King, ile ya 1994. Niliiona mara ya kwanza nikiwa mdogo, kwenye kibanda umiza, kanda imeshachakaa, Kiingereza hatujui, lakini Simba, Rafiki na Pumbaa ni majina ya kwetu, basi tulijiona kama tumetajwa sisi. Nilimpenda Pumbaa. Nyumbu walipomkanyaga Mufasa, baba yake Simba, nilihuzunika kidogo, akaja Pumbaa, nikasahau.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Nilikuwa darasa la sita, na wiki ile nilikuwa namsumbua kuhusu viatu vya shule. Vyangu vilikuwa vimeisha soli, wenzangu wananicheka. Usiku huo upepo haukuwa mzuri, wenzake wengine hawakutoka. Yeye alitoka. Mtumbwi ulipatikana, yeye alipatikana baadaye.

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia ni kosa langu. Mama hakujua hata habari ya viatu. Ila mimi nilijua, au nilidhani najua. Nilipomaliza darasa la saba sikukaa nyumbani. Nikaenda Geita machimboni, nikakaa huko miaka, natuma hela, siendi. Sikukuu inapita, msiba unapita, natoa sababu. Watu wa nyumbani wakawa wanasema fulani amekuwa na roho ngumu.

Sasa nina mtoto wa kiume. Mwaka jana tukaiangalia filamu ile ile, safari hii kwenye simu, mimi na yeye tumelala mkekani. Ikafika pale mtoto anaingia chini ya mkono wa baba yake aliyekufa, halafu baba mdogo anakuja kumwambia: ni wewe uliyesababisha, kimbia, usirudi tena. Mwanangu akaniuliza, "Baba, kwani Simba ndiye amemuua baba yake?"

Nikamjibu, "Hapana. Yeye alikuwa mtoto tu. Baba yake alikwenda kwa sababu anampenda."

Nikalisikia jibu langu mwenyewe. Nilishindwa kuendelea. Mtoto akadhani simu imeisha chaji kwa jinsi nilivyoigeuza.

Yule wa kwanza aliyeiangalia kibandani na huyu wa mkekani tumeona filamu mbili tofauti. Mtoto anaona simba na nyumbu. Mimi niliona mtoto aliyebebeshwa kifo asichokifanya, akakimbilia mahali ambapo wanamfundisha kuimba asahau. Machimbo yangu yalikuwa hayo. Mwezi uliofuata nilikwenda nyumbani Igombe, nikamsimulia mama habari ya viatu. Akaniambia baba alikuwa ameshavinunua. Alitoka usiku ule kwa sababu wavuvi hutoka.

Mama wa Mwaloni
Pole sana, baba yangu. Mungu ampumzishe mzee.

Fundi Spika, Mabatini
Pole, kaka. Nimesoma mara mbili.

Mke wa Mwalimu, Sengerema
Baada ya kisa cha Ngosha changu ni kidogo, lakini ni changu. Up, ya 2009. Mwanzoni kuna dakika kama nne za maisha ya mume na mke, tangu harusi mpaka uzee, na hakuna anayesema neno. Ni picha na muziki tu wa Michael Giacchino, ambao ulipata tuzo ya Oscar. Mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji, filamu nyingi napitwa, lakini pale sikupitwa na kitu.

Wana kibubu cha safari. Wanajaza, tairi linapasuka, wanakivunja. Wanajaza tena, mume anavunjika mguu, wanakivunja. Mti unaangukia paa, wanakivunja. Nani hapa anayejenga kwa mshahara asiyekijua kibubu hicho? Na katikati kuna chumba wanachokipaka rangi kwa ajili ya mtoto, halafu wanaonekana kwa daktari, mke ameinamisha kichwa, halafu yuko peke yake nje amefumba macho. Sekunde chache tu. Watoto wa jirani waliokuwa wanaangalia na mimi hawakuelewa, wakauliza mbona anakaa tu. Mume wangu alielewa. Alinishika mkono na hakuniachia mpaka mwisho. Hatukuwa tumewahi kulizungumza jambo letu kwa namna yoyote tangu litokee.

Sista wa Wodi
Niko wodi ya watoto, hospitali naiacha bila jina. TV yetu iko juu ukutani na muda mwingi ni katuni, zikiwemo za Ubongo Kids, ambazo wale wa shule wanaziimba kitandani. Ninachokiona usiku ni hiki: watoto wameshalala, akina mama bado wanaangalia. Mama ambaye mchana kutwa amekuwa akimjibu daktari kwa "ndiyo" na "sawa", anapata mahali pa kulia na hakuna wa kumuuliza kwa nini. Atasema ni katuni. Nikitaka kuipunguza sauti, kwanza naangalia nyuso zao.

Mwalimu Mstaafu, Misungwi
Niongeze moja. Coco ya 2017 inahusu siku ya wafu Meksiko: marehemu anaendelea kuwako upande wa pili maadamu kuna aliye hai anayemkumbuka, na akisahaulika na wote anapotea kabisa. Wajukuu walishangaa. Mimi sikushangaa. Marehemu John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alilieleza jambo hili hili kuhusu sisi Waafrika, akitumia Sasa na Zamani: aliyefariki hukaa kwenye Sasa maadamu wapo waliomjua kwa jina, kisha polepole huingia kwenye Zamani. Ndiyo sababu kwetu Usukumani mtoto hupewa jina la babu.

Kilichoniumiza ni kwamba nilijua jina la babu yangu, la baba yake babu sikulijua. Wazee wangu wa kuwauliza wamebaki wawili. Nimeanza kwenda na daftari.

Mzee wa Kibanda, Igoma
Mimi nina kibanda, mpira na movie. Jumamosi mchana naweka katuni, mtoto analipa mia mbili. Zamani akina baba walikuwa wanaleta watoto na kuondoka. Sasa wanasimama nyuma kwenye mlango. Watoto hupiga kelele wakati wote, ila kuna sehemu kelele inabaki ya watoto peke yao na huko nyuma hakuna hata anayekohoa. Najua sasa ni sehemu gani, nikiwa nje nasikia.

Baba akitaka kukaa nimeongeza mabenchi mawili, halipi. Jumamosi hii naweka ile ya kibubu aliyoisema dada wa Sengerema. Saa nane mchana, umeme ukiwepo.

Ngosha wa Igombe
Mzee, nitakuja na kijana wangu. Kutoka Igombe nipande gari za wapi?

Mzee wa Kibanda, Igoma
Njoo mpaka mjini, pale panda za Igoma, shuka mwisho. Uliza kibanda cha mzee, kila mtoto anakijua.