Kipima kasi cha konveya kinaruka kati ya 6.4 na 12.8: skeli imekosewa wapi?

Fundi wa Ilemela (Mwanza)

Ndugu wataalamu, habari za kazi. Ninahudumia mitambo katika kiwanda cha kuchakata minofu ya sangara hapa Mwanza, upande wa Ilemela. Tumefunga kipima kasi cha kidijitali kwenye konveya inayopeleka minofu kutoka meza za kuchunia hadi meza za kusawazishia. Mkanda ukienda kasi mno, minofu inarundikana mwishoni na akina mama wanaosawazisha hawaimudu. Ukienda polepole mno, samaki anakaa nje ya barafu muda mrefu kuliko inavyofaa. Uongozi unataka kila zamu ione kasi katika mita kwa dakika, kwa tarakimu moja baada ya nukta.

Sensa ni ya proksimiti, inayohisi chuma, nayo inasoma vichwa vya bolti sita za stenlesi kwenye flanji ya shafti inayoendesha mkanda. Nimepima kipenyo cha gurudumu juu ya mkanda nikapata milimita 204, kwa hiyo mzingo ni milimita 640.9, na kila bolti inayopita mbele ya sensa ni sawa na mwendo wa milimita 106.8. Kila bolti inatoa pigo moja (ishara moja ya umeme), na pigo moja kwa sekunde ni mita 6.409 kwa dakika. Nilipoingiza kizidishi (namba ambayo kifaa kinazidisha nayo mapigo ya sekunde) cha 6.409 kioo kilionyesha 0.6 na 1.2, nikaingiza 64.09, na sasa kinaonyesha 6.4, kisha 12.8, kisha 6.4 tena, bila namba yoyote ya katikati. Inveta (kifaa kinachoongoza kasi ya mota) imetulia na mkanda unaonekana kwenda sawasawa, kwa makadirio yangu kama mita 12 kwa dakika. Je, nimekosea hesabu ya skeli, au kifaa chenyewe ni kibovu?

Mhandisi wa Vipimo (Musoma)

Ndugu Fundi, kwa vipimo ulivyotoa hesabu yako ni sahihi, na kifaa hakina ubovu wowote. Hata kutoka 6.409 kwenda 64.09 ulifanya vyema, kwa sababu kwenye vifaa vingi vya aina hii nukta ya desimali ni taa tu inayowashwa mahali unapoichagua, nacho kizidishi kinahesabiwa kana kwamba nukta haipo. Ukitaka 12.0 isomeke kwenye kioo, ndani ya kifaa namba hiyo ni 120.

Tatizo ni uchache wa mapigo ukilinganisha na namna kifaa kinavyoyahesabu. Mkanda ukienda mita 12 kwa dakika, sensa inatoa mapigo 1.87 tu kwa sekunde. Kifaa chako kimewekwa kifungue mlango kwa sekunde moja, kihesabu mapigo yaliyoingia, kisha kizidishe. Ndani ya sekunde moja hayawezi kuingia mapigo 1.87, yanaingia ama mawili ama moja. Mawili yanakupa 12.8 na moja linakupa 6.4, na hakuna namba ya katikati kwa sababu hakuna pigo nusu. Namba mbili ulizoziandika ndizo zilizonionyesha tatizo liko wapi, kwani moja ni mara mbili ya nyenzake.

Wengine watakushauri urefushe muda wa kuhesabu uwe sekunde 10. Hilo litapunguza mruko hadi hatua za 0.64, lakini msimamizi wa zamu atakuwa anasoma kasi ya sekunde kumi zilizopita, na bado hutapata tarakimu ya desimali unayoitaka kwa uhakika. Mimi sikushauri njia hiyo kwa mtambo unaozunguka polepole kiasi hiki. Tafuta kwenye menyu sehemu ya kuchagua njia ya kupima, kisha uiondoe kwenye kuhesabu mapigo na kuiweka kwenye kupima muda kati ya pigo na pigo. Hapo kifaa kinatumia saa yake ya ndani, ambayo ina kasi kubwa sana, kupima zile sekunde 0.53 zinazotenganisha bolti mbili, halafu kinageuza muda huo kuwa kasi. Pengo moja tu linatosha kukupa tarakimu ya desimali.

Ukifanya hivyo utakutana na mambo mawili ambayo ni vizuri uyatarajie. La kwanza ni kwamba bolti zako sita hazikutobolewa kwa umbali uliolingana kabisa, kwa hiyo namba itacheza kidogo katika kila mzunguko. Weka wastani wa mapigo 6, si 4 wala 10, ili kila wastani ubebe mzunguko mmoja kamili na tofauti za matundu zimezane zenyewe. La pili ni kwamba mkanda ukisimama kifaa hakitajua mara moja, kwa kuwa kinasubiri pigo lisilokuja huku kikiendelea kuonyesha namba ya mwisho. Kuna mpangilio wa muda wa kurudi sifuri. Uweke sekunde 5. Kwa bolti zako hiyo ina maana kwamba kasi yoyote iliyo chini ya mita 1.3 kwa dakika itasomeka sifuri, na sidhani kama mnaendesha mkanda wa minofu taratibu kiasi hicho.

Ukimaliza, usiiamini skeli kwa sababu tu hesabu ya karatasi imekubali. Funga utepe wenye rangi kwenye mkanda, pima urefu wa mkanda mzima, kisha tumia saa ya simu kupima muda wa mizunguko mitano kamili. Mzunguko mmoja hautoshi, maana kuchelewa kidogo kwa kidole chako kunaharibu kipimo.

Fundi wa Ilemela (Mwanza)

Ninashukuru sana, Mhandisi. Nimebadilisha njia ya kupima, nimeweka wastani wa mapigo 6 na muda wa kurudi sifuri wa sekunde 5. Mruko umekwisha; kioo kinasoma 12.0 na mara chache 11.9 au 12.1.

Kipimo cha utepe, hata hivyo, hakikubaliani nacho. Mkanda una urefu wa mita 18.3, na mizunguko mitano imechukua dakika 8 na sekunde 1, yaani mita 11.4 kwa dakika. Nimerudia wakati mkanda una minofu na wakati hauna, na jibu ni lile lile. Je, niseme mkanda unateleza kwenye gurudumu?

Mzee wa Jineri (Magu)

Kijana wangu, mkanda unaoteleza hauna adabu ya kuteleza kiasi kilekile ukiwa mtupu na ukiwa na mzigo. Tofauti isiyobadilika namna hiyo inatoka kwenye vipimo ulivyoingiza. Nieleze mkanda wenyewe ni wa aina gani: ni wa mpira bapa unaoshikwa na rola laini, au ni ule wa vipande vya plastiki vilivyounganishwa kwa pini na kuvutwa na sproketi yenye meno?

Fundi wa Ilemela (Mwanza)

Shikamoo Mzee. Ni wa vipande vya plastiki vyenye pini. Sproketi ina meno 24, na umbali kutoka pini hadi pini ni milimita 25.4.

Mzee wa Jineri (Magu)

Marahaba. Basi kipenyo chako cha milimita 204 kiweke kando, maana hakihusiki na hesabu hii. Ulipima juu ya mgongo wa mkanda, ilhali mwendo wa mkanda wa namna hiyo unafuata mstari wa pini, ulio ndani zaidi. Kila jino la sproketi linasogeza mkanda kwa pini moja, halizidishi wala halipunguzi. Meno 24 mara milimita 25.4 ni milimita 609.6 kwa mzunguko mmoja wa shafti. Hapo hakuna pai wala kipenyo, na hakuna nafasi ya kubahatisha mahali pa kushika tepu. Gawanya kwa bolti sita upate milimita 101.6 kwa kila pigo, ambayo kwa pigo moja kwa sekunde ni mita 6.096 kwa dakika. Kizidishi chako ni 60.96. Sasa chukua ile 12.0 uliyoisoma, izidishe kwa 609.6 na uigawe kwa 640.9. Utapata 11.4, ile ile ya utepe wako.

Kama ungekuwa na mkanda wa mpira, ningekushauri uhamishe sensa kwenye rola ya mkiani isiyo na mota, kwa sababu rola ya mota inaweza kuzunguka huku mkanda wenye maji na mafuta ya samaki umebaki nyuma. Kwako si lazima, mradi meno hayajalika hadi mkanda unaruka.

Wapo mafundi ambao, wakiona 12.0 kwenye kioo na 11.4 kwenye utepe, wangezidisha kizidishi cha zamani kwa uwiano huo na kuondoka. Namba ingekubali, lakini siku sproketi ya meno 20 ikifungwa badala ya hii, hakuna ambaye angejua ile 60.9 ilitoka wapi. Ni bora skeli itokane na vitu vinavyohesabika kwa mkono, yaani meno, pini na bolti, kisha utepe uwe shahidi tu.

Fundi wa Ilemela (Mwanza)

Nimeweka 60.96, na sasa kioo na utepe vinapatana. Limebaki jambo moja ambalo nililipuuza mwanzoni: wakati wa usafi wa jioni, mkanda ukiwa umesimama, mara nyingine kioo kinapanda ghafla hadi 304 au 305, kinakaa kidogo, kisha kinarudi sifuri.

Umeme na Ala (Bukoba)

Ndugu, namba hiyo inajitaja yenyewe. Gawanya 305 kwa 6.096 upate 50, nayo ndiyo hezi (mizunguko kwa sekunde) ya umeme wa gridi yetu. Kinachosomwa ni umeme wa mtambo unaoingia kwenye waya wa sensa. Kwa kuwa inatokea wakati wa kuosha, fungua kwanza soketi ya waya kwenye sensa uone kama imeingia maji. Pini zikianza kuwa za kijani, badilisha waya mzima badala ya kuusafisha. Kisha fuatilia njia ya waya hadi kwenye paneli. Ukikuta umefungwa pamoja na nyaya za mota zinazotoka kwenye inveta, utenganishe, utumie waya wenye wavu wa kinga, na wavu huo uunganishwe na ethi upande wa paneli peke yake. Hakikisha pia kwamba ingizo la kifaa limewekwa kulingana na aina ya sensa, PNP au NPN (namna mbili za sensa kutoa ishara), kwa sababu likiwekwa kinyume linabaki linaelea na linaokota kila kelele ya karibu.

Baada ya hayo washa chujio la ingizo. Hata mkanda ukienda mita 20 kwa dakika, mapigo yako hayafiki 4 kwa sekunde, kwa hiyo chujio linalokataa chochote kilicho juu ya hezi 10 halikunyimi kitu. Usilitumie chujio badala ya kurekebisha waya, maana soketi yenye maji itafika mahali ishindwe kutoa hata mapigo ya kweli.

Mwisho, kagua nafasi kati ya sensa na bolti. Stenlesi hupunguza umbali wa kuhisi hadi kama asilimia 70 ya ule ulioandikwa kwenye sensa. Ikiwa yako imeandikwa milimita 8, hesabu kwamba una kama 5.6, na uiweke kwenye 3 au 4 ili mtikisiko wa shafti usiipotezee bolti moja. Bolti moja ikikosekana katika kila mzunguko, kioo kitasoma pungufu, kwa wastani kwa moja ya sita, yaani kama 10.0 mahali pa 12.0, na ni rahisi kudhani kwamba ni kasi ya kweli.