Naomba ushauri: fonti ya kizamani yenye herufi zilizochakaa

Wakuu habari. Nasanifu jalada la riwaya ya mabaharia na nimeipenda Caslon Antique, ile fonti ya Marekani ya mwisho wa karne ya 19 iliyochorwa kwa makusudi ikiwa na kingo zilizolikalika. Kwenye kichwa cha kitabu inapendeza mno. Ila jina la mwandishi, ambalo ni dogo, linaonekana kama printa imeishiwa wino! Halafu kila "a" ina kovu lile lile mahali pale pale, na hapo uzee wa kughushi unaumbuka. Je, nichanganye na fonti safi ya serifu (yenye vijimkia kwenye ncha za herufi) kama Garamond, au nizihariri moja moja herufi zinazojirudia? Na mkichapa maandishi meupe juu ya weusi, ncha nyembamba hazimezwi na wino?