Mrejesho: nilikofika na lisansi (shahada ya chuo kikuu) ya siasa na uhusiano wa kimataifa

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyeuliza mwaka jana, nikiwa hapa Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), ni kazi gani inayomfaa mwenye lisansi ya siasa na uhusiano wa kimataifa asiye na mtu wa kumshika mkono. Nawashukuru kwa moyo wote.

Niliomba kwenye balozi na mashirika ya Umoja wa Mataifa kama mlivyonishauri, lakini barua zangu saba hazikujibiwa. Kilichonifaa ni ushauri wa dada aliyeniambia nisome Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018, inayozitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi, kwa kuwa hapo wanahitajika watu wanaojua kupatanisha. Niliichapisha, nikaipigia mistari kwa kalamu nyekundu, nikaenda nayo kwenye usaili.

Huu sasa ni mwezi wangu wa tano nikiandika mihtasari ya vikao vya wanakijiji na kampuni, upande wa Kolwezi, mji wa migodi. Juzi mzee mmoja alinitaka nimsomee upya aya ya kisima, neno kwa neno, kabla hajatia dole gumba. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja tu, na Kiingereza bado kinanikwamisha; anayeanza leo akijifunze mapema.