Timu ya kanisa yavuka kwenda misheni Tanga mwezi wa nane, aliyewahi atushauri

katibu_bamburi

Hamjambo wote. Niko kwa kamiti ya misheni ya kanisa letu huku Bamburi. Kila mwaka twaenda Kinango, na mwaka huu vijana wakasema wamechoka na Kinango wanataka kuvuka mpaka, mchungaji akakubali, tukaunganishwa na kanisa moja mkoa wa Tanga upande wa Muheza, kijijini ndani ndani huko. Wiki moja mwezi wa nane, watu 16, gari ni basi la kanisa.

Harambee imeleta kama 280,000 na si haba, lakini ukitoa mafuta na karatasi za gari, tisheti, vyakula vya njiani na spika za kukodi inabaki elfu 40 hivi ndo ya kazi yenyewe tunayoendea. Na kazi yenyewe hatujakubaliana. Vijana wataka krusedi kila jioni, kina mama wasema medikal kempu kwa sababu tuna manesi wawili na kijana anasomea kliniko, halafu mzee mmoja wa kanisa anauza rangi dukani kwake so yeye msimamo wake mnaujua, tupake rangi darasa la watoto. Mimi naona twawapangia watu mambo ya kwao bila kuwauliza ila nikisema hivo kwa mkutano naambiwa nina roho ya kupinga.

Naomba kujua mpaka wa Lunga Lunga wataka nini, na aliyewahi kwenda au kupokea wageni kama sisi aseme ni nini huwa yasaidia kweli.

kibokoni_mtoto

Mimi si wa kanisa lenu wala lolote, ni Muislamu wa Mji wa Kale lakini mama yangu kwao Tanga mjini na njia hiyo naijua kama ya kwenda Marikiti. Siku hizi pitieni barabara ya Dongo Kundu muachane na foleni ya feri, mukishatokea upande wa kusini mwanyoosha tu, Ukunda, Msambweni, mpaka Lunga Lunga ni kilomita 100 hivi kutoka mjini. Upande wa pili waitwa Horohoro, afisi za nchi zote mbili ziko pamoja so mwagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia hapo hapo.

Sasa sikiza, watu wengi hukwama kwa kudhani kitambulisho chatosha. Kitambulisho chetu chafanya kazi Uganda na Rwanda tangu 2014, Tanzania hapana. Yataka pasipoti au ile pasi ya muda unaomba eCitizen, ule mtandao wa serikali. Na kama kuna vijana chini ya miaka 18 wasio na wazazi wao safarini bebeni barua za wazazi, askari wa hapo wauliza na haki yao.

Kadi za njano ziko mbili msije mukachanganya, moja ni ya chanjo ya homa ya manjano kila mtu na yake, na nyingine ni bima ya gari ile ya COMESA ya kuvukia mpaka, bila hiyo basi lenu litalala Lunga Lunga na nyinyi ndani. Dereva abebe logbuku asili, na barua ya kanisa kama gari imeandikwa kwa jina la kanisa.

Pesa badilisheni kwa duka la fedha si kwa wale vijana wa mkononi, shilingi yetu moja ni kama ishirini zao hivi, mtu akikuhesabia mabunda haraka haraka ujue ushaliwa.

La mwisho na musinichukie. Pwani ya Tanga ni kama hapa kwetu, msikiti na kanisa ni majirani. Spika zenu zikielekezwa msikitini wakati wa magharibi mutakuwa mumeharibia wenyeji wenu, nyinyi mwarudi Bamburi wao wabaki na jirani aliyenuna. Muadhini amalize, watu waswali, halafu endeleeni na kwaya yenu hakuna atakayewauliza. Na salamu jamani!! Ukiingia duka la Mtanzania na ule Ukenya wa "nipe maji" utapewa lakini utaangaliwa. Msalimie kwanza, omba.

nesi_wa_likoni

Hapo kwa medikal kempu nataka kuongea kidogo maana ndo kazi yangu na nishavutwa kwa hizi safari mara nyingi.

Leseni yako ya Kenya haivuki mpaka. Nesi atakayegusa mgonjwa Tanzania yataka asajiliwe kwa muda na baraza lao la uuguzi na ukunga, daktari naye na baraza lao la madaktari, na huyo mwanafunzi wa kliniko asiguse mtu kabisa hata kama mchungaji amemuombea. Dawa nazo haziendi kwa begi, ziko chini ya TMDA, mamlaka yao ya dawa, na kuna kibali cha kuziingiza. Mkishikwa na maboksi ya antibiotiki Horohoro hiyo si misheni tena ni kesi.

Tuseme karatasi zote mmepata. Mama wa miaka 60 presha yake iko 190 umempa vidonge vya siku 14, siku ya 15 anafanya nini? Nimeona sana hii, watu wanapiga foleni tangu alfajiri, wanapewa panadol na dawa ya minyoo, picha zinapigwa, na zahanati ya pale kijijini iko mita mia tatu na mhudumu wake hajaambiwa kitu wala hana kumbukumbu ya nani kapewa nini. Kama ni lazima mfanye ya afya basi mwenyeji amuulize kwanza inchaji wa zahanati yao, manesi wenu wakae chini yake, wapime presha na sukari tu, majina yaandikwe kwa daftari la zahanati si lenu. Ndogo ndogo hivo lakini ina mwenyewe.

Chanjo ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka. Waliochomwa zamani wasichome tena, tangu 2016 ile kadi ni ya maisha. Na neti mbebe, sisi watu wa pwani twajiona malaria ni ndugu yetu.

changamwe_one

Samahani mimi nitakuwa yule mbaya. 280,000 na Ganze ya Kilifi iko hapo juu, kila mwaka mvua ikikataa mwasikia kwa redio watu wanatembea na mitungi. Kwani watu wa Ganze hawana roho za kuokolewa? Hii mambo ya kuvuka mpaka ni vijana wanataka muhuri kwa pasipoti tuseme ukweli. Hizo tisheti peke yake ni mahindi magunia mangapi?

babu_wa_rabai

Mwanangu wa Changamwe usiseme hivo haraka. Sisi hapa Rabai tuko na kanisa kwa sababu kuna mtu alivuka kuja. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, mwaka huo huo akazika mke na mtoto, kaburi liko mpaka leo huko upande wa Nyali. 1846 akaja kwetu na mmisionari mwenzake Rebmann. Ukitaka kuona historia yenyewe panda matatu uje, lile kanisa la zamani sasa ni makumbusho.

Lakini katibu nikwambie kitu watu wa kanisa hawapendi kukihubiri. Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa, alichora mnyororo wa vituo vya misheni mpaka upande wa pili wa Afrika, akaugua akarudi kwao. Rebmann akabaki. Alikaa mpaka 1875 macho yakiwa yamekwisha, na waliobatizwa ukiwahesabu ni wachache sana, wazungu wenzake wakamuona kama ameshindwa. Miaka hiyo yote alikuwa anafanya nini? Alikuwa anakaa na watu anajifunza maneno yao, mpaka lugha ya Malawi aliiandikia kamusi akiwa hapa hapa Rabai, kwa kukaa na mtumwa aliyetoka huko. Sasa nyinyi wiki moja mwataka krusedi kila jioni, rangi na medikal kempu. Sisemi msiende. Nendeni, ila msiende na mnyororo.

Na Changamwe ukipeleka hayo mahindi Ganze niambie nami nitoe gunia.

mama_upendo_muheza

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimetumiwa hii na ndugu yangu aliyeko Mombasa, mimi niko Muheza, siyo kanisa mnalokuja nyie lakini sisi wageni wa hivi tumepokea sana wa Ulaya na wa Kenya, niseme kwa upande wa jikoni maana huko ndiko huwa nipo.

Wageni wakisema wanakuja 16 sisi tunaanza kuazima magodoro wiki nzima kabla. Maji ya kuoga tunachota kisimani kwa ndoo, 16 mara mbili kwa siku hebu fikiria. Saa tisa usiku kina mama wako macho wanakanda maandazi. Jogoo wanachinjwa, na hakuna mgeni anayeona maana sisi tukileta chakula tunatabasamu. Kuna kundi moja kutoka nje walikuja wakapaka rangi darasa la watoto, watu wazuri sana wanaimba vizuri, lakini ule ukuta ulikuwa unanyonya maji kutoka chini na hakuna aliyetuuliza, masika ilipokuja rangi ikavimba ikaanza kubanduka vipande kama ganda la ndizi iliyoiva sana. Tulikwangua wenyewe. Ila kwenye kundi hilo hilo kulikuwa na mama mmoja mwalimu, yeye hakupaka rangi, alikaa na walimu wetu wa shule ya Jumapili pale chini ya mwembe mchana wote akiwaonyesha kutengeneza vifaa vya kufundishia kwa maboksi na vizibo vya soda. Vile vifaa tunavyo mpaka leo, vikichakaa tunatengeneza vingine.

Kwa hiyo kama mnaniuliza mimi, njooni nane msije 16. Fulana siyo lazima, sisi tutawajua tu kwa kuongea kwenu. Hela ya chakula mpeni mhazini wa kina mama mapema tununue wenyewe hapa, msije na makatoni ya biskuti na soda kutoka huko. Mwezi wa nane kwetu machungwa, asubuhi watu wapo shambani, kabla ya saa kumi jioni hampati mtu kanisani hata mkipiga ngoma.

Vibali mwachieni mwenyeji wenu, hata kazi ya kujitolea bila malipo Uhamiaji wanaihesabu ni shughuli na kuna kibali chake cha muda mfupi, anayekiombea ni anayewaalika. Mkutano wa nje nao unaandikiwa barua polisi, na mtendaji wa kata aonwe mapema, siyo mkishafunga spika. Halafu picha za watoto wetu jamani. Mwulizeni mzazi kwanza.

katibu_bamburi

Asanteni sana, mama Upendo nimesoma yako kwa sauti kwa kamiti jana usiku, kukawa kimya halafu mzee wa rangi akasema basi. Nikapiga simu kwa mchungaji mwenyeji nikamuuliza moja kwa moja mwataka nini, akacheka kwanza, akasema hakuna aliyewahi kumuuliza hivo kabla ya kupanga. Shida yao ni maji, wana simtanki kubwa tupu kando ya kanisa kwa sababu paa halina gata, mvua yote yaenda chini, na wana kinanda walichopewa hakuna ajuaye kukipiga.

Sasa twaenda tisa. Fundi wa mabati tunaye, mpiga kinanda tunaye, walimu wawili wa sande skuli, manesi watapima presha zahanati iwapo karatasi zitatoka na zisipotoka watabaki. Tisheti zimekufa, vijana wawili wamenuna wakajitoa. @changamwe_one kuna kama elfu 60 imerudi, kamiti imesema iende Ganze kwa hiyo wewe na babu jipangeni na magunia.

Swali la mwisho: gata tununue huku Kongowea tubebe juu ya basi ama tupate huko?

mama_upendo_muheza

Msibebe, Tanga mjini zipo na mkikosea kipimo mnarudisha. Mwambie mchungaji apande ngazi apime urefu wa paa na awapigie picha ya kenchi, zile mbao za paa, kwa karibu, makanisa mengi huku upande mmoja mbao za pembeni zimeliwa na mchwa, hapo gata haishiki hata ifungwe na nani. Fundi wenu aje na drili ya betri, umeme unakatika.

kibokoni_mtoto

Na drili muitangaze Horohoro na risiti yake, musije mukaambiwa mwaenda kuuza.