Simu niliyoiuza bado inaonekana kwenye vifaa vyangu vya Play Store, naiondoaje?

mama_wawili_tabata

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, na naomba nieleze yote kwa kirefu ili anayejua anijibu kamili.

Nina akaunti moja tu ya Google, ileile niliyofungua niliponunua simu janja ya kwanza. Sasa hivi akaunti hiyo iko kwenye simu yangu, Galaxy A14. Iko pia kwenye simu ya mama yangu kule Lushoto, maana yeye hana jimeili na siku tunamnunulia simu kijana wa dukani aliweka ya kwangu ili WhatsApp ipatikane. Na iko kwenye tableti ya mwanangu wa darasa la tatu. Kabla ya hii A14 nilikuwa na Galaxy A10, mwaka jana nikaiuza Kariakoo. Aliyeinunua aliifuta mbele yangu, kwenye mipangilio, nikaona inawaka kama mpya.

Juzi nimefungua Play Store kwenye kompyuta ya ofisini nitafute kamusi. Nilipobonyeza kuiweka, nikaulizwa naiweka kwenye kifaa kipi. Orodha ikaja: A14, tableti, Tecno ya mama, halafu SM-A105F, na chini yake SM-A105F tena. Hiyo ndiyo A10 niliyoiuza, na ipo mara mbili! Nimezunguka ukurasa mzima kutafuta pa kuifuta, hakuna.

Ninachotaka kujua kwanza ni kama huyo aliyenunua anaona picha zangu na namba zangu. Hilo linaninyima usingizi, kwa sababu kwenye picha kuna vitambulisho vya watoto na karatasi za kiwanja.

La pili ni mama. Kila namba anayohifadhi inatua kwangu: fundi bomba wa Soni, mwenye mbolea, wanakwaya wote. Za kwangu nazo ziko kwake. Wiki iliyopita alikaa akafuta majina asiyoyajua ili simu iwe nyepesi, na kwangu yakapotea palepale, ikiwemo namba ya daktari wa mtoto na ya mwalimu wa darasa. Simlaumu hata kidogo, angejuaje? Lakini nataka kila mtu awe na chake, bila mama kupoteza WhatsApp yake, maana ndiko anakoongea na kaka yetu aliyeko Muscat.

---

kijana_wa_ubungo

Dada badilisha paswedi tu, simu zote zitajitoa zenyewe. Kazi imeisha.

---

fundi_msamvu

Dada, tuanze na hilo la usingizi. Mimi ni fundi simu hapa Morogoro na swali lako naletewa sana, kwa hiyo nisome taratibu.

Kuna orodha mbili tofauti, na watu wengi wanadhani ni moja. Ya kwanza ni hiyo uliyoiona Play Store. Kazi yake ni kukumbuka simu ambazo programu zinaweza kutumwa, basi. Simu kuonekana pale hakumaanishi kwamba aliyeishika yuko ndani ya akaunti yako. Simu ikifutwa na kuanzishwa upya, mara nyingi Play Store huiona kama simu nyingine kabisa, ndiyo maana A10 yako iko mara mbili. Bila shaka uliwahi kuifuta siku za nyuma ilipokuwa inaganda. Na hukupaona pa kufuta kwa sababu hapapo. Kinachowezekana ni kuificha: fungua play.google.com/library/devices, kila kifaa kina sehemu ya kuhariri, toa alama ya tiki kwenye kuonyesha kwenye menyu. Hapohapo unaweza kuvipa majina. Andika "Tableti ya mtoto", "Simu ya mama", usiache namba za kiwandani, zitakuchanganya tena mwakani. Angalia pia tarehe ya mwisho ya kutumika. A10 zote mbili zikionyesha tarehe za kabla hujauza, hiyo ni dalili nzuri.

Orodha ya pili ndiyo yenye uzito. Nenda myaccount.google.com, ingia Usalama, tafuta vifaa vyako, kisha dhibiti vifaa vyote. Pale ndipo unaona nani yuko ndani ya akaunti sasa hivi au alikuwemo wiki chache zilizopita. Ukiikuta A10 pale, ibonyeze na uchague kuondoka kwenye akaunti. Mlango umefungwa: haitapokea barua wala picha wala namba mpya. Usipoikuta, aliyenunua hana chochote chako, lala.

Mkuu wa Ubungo, kubadilisha neno la siri kunatoa vifaa vingi lakini si vyote. Google huviacha vile vinavyotumika kuthibitisha kwamba ni wewe unayeingia. Sasa mtu akiwa na simu ya zamani ambayo ndiyo ilikuwa inathibitisha, akabadilisha neno la siri akaamini kamaliza, kifaa anachokiogopa ndicho kinaweza kubaki ndani. Kwanza toa kifaa kwa mkono, halafu badilisha neno la siri.

Hapo nina neno kwako dada, na hili ni zito kuliko la A10. Ukijaribu kuingia kwenye akaunti mahali papya, Google hutuma swali kwenye simu zilizomo: je, ni wewe unayejaribu kuingia? Swali hilo linaweza kufika hata kwenye Tecno ya mama. Mtu akipata neno lako la siri, kinachobaki ni mama, akiwa shambani, kubonyeza "Ndiyo" ili simu inyamaze. Mwambie leo kwamba akiona swali hilo abonyeze "Hapana" kwanza, ndipo akupigie.

Na yale majina yaliyofutwa yanarudi. Fungua contacts.google.com kwenye kompyuta, angalia tupio. Hukaa siku 30, kwa hiyo usichelewe.

---

mama_wawili_tabata

Mungu akubariki sana. Nimerudi sasa hivi kutoka kwenye hiyo orodha ya pili. A10 haimo hata moja! Majina ya daktari na mwalimu nimeyakuta tupio, nimeyarudisha.

Ila nimekuta kompyuta ya Windows ambayo si ya ofisini. Kwa tarehe ilivyo, ni ya steshenari nilikochapisha fomu za shule mwezi huu. Nimeitoa. Hilo swali la "ni wewe?" limenishtua, kwa sababu siku hiyohiyo ya fomu mama alinipigia akasema simu inamuuliza kitu na yeye ameikubalia. Kumbe alikuwa ananifungulia mimi bila kujua. Angekuwa mwingine je?

Sasa naomba mwongozo wa kumtoa mama. Nitaenda Lushoto mwisho wa mwezi na nataka nikifika nisibahatishe.

---

pwani_mwenye_ipadi

Hamjambo wenzangu, niko Mombasa. Naongezea upande wa Apple kwa wenye iPhone, mambo ni tofauti kidogo. Kule kifaa kinaondolewa kabisa: mipangilio, jina lako juu, teremka chini utaona vifaa vyote, gusa kimoja ukiondoe. Kwa manunuzi ya App Store kuna kikomo cha vifaa 10 kwa akaunti moja, na kompyuta zisizidi 5 kati ya hivyo. Tena kifaa kilichounganishwa na akaunti moja kwa manunuzi, ukitaka kukihamishia kwa nyingine huenda ukangoja siku 90. Ndugu wanaopokezana iPad moja na kila mmoja akiweka akaunti yake hukwama hapo.

Mnaonunua iPhone zilizotumika, nawaomba sana: mwambieni muuzaji atoe akaunti yake na azime huduma ya kutafuta simu kabla hamjalipa. Tangu iOS 7, mfumo wa iPhone wa mwaka 2013, simu iliyofutwa bila kutolewa hubaki imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe. Akiwa mbali anaweza kuitoa kupitia iCloud, huduma ya Apple ya mtandaoni, lakini mpaka akubali.

---

fundi_msamvu

Ahsante wa Mombasa. Android nayo ina kufuli ya namna hiyo tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, mafundi tunaiita FRP. Ndiyo sababu nasisitiza mpangilio: unatoa akaunti kwanza, ndipo unafuta simu. Mtu akifuta kwa vitufe vya pembeni wakati akaunti bado imo, simu ikiwaka itadai akaunti ileile. Dada, fikiria Tecno ya mama ikiganda na fundi wa Lushoto akaifuta kwa vitufe. Itamwomba neno lako la siri wewe uliyeko Tabata, na utalazimika kumtajia fundi kwa simu. Sitaki ufike huko.

Ukifika kwa mama fanya hivi. Usianze kwa kutoa akaunti yako! Kwanza fungua akaunti yake mpya kwenye simu ileile, kwa laini yake mwenyewe, ukae nayo pembeni ya yako. Neno la siri aliandike kwenye daftari lake na wewe ubaki na nakala. Kisha ingia WhatsApp yake, mipangilio, gumzo, hifadhi nakala, ubadilishe akaunti ya Google inayotunza nakala iwe ya mama, halafu uihifadhi palepale ukiwa kwenye Wi-Fi au una bando la kutosha. WhatsApp yenyewe inakaa kwenye namba ya simu, haitapotea kwa kuondoa jimeili, lakini nakala ya mazungumzo na sauti za kaka yenu wa Muscat ikibaki kwenye akaunti yako, siku simu ya mama ikiharibika hazitapatikana upande wake.

Baada ya hapo majina. Kwenye programu ya majina kuna kuhamisha kwenda akaunti nyingine. Chagua ya mama tu, uhamishe. Kaeni wote wawili mkipitia moja moja, yeye ndiye anayejua fundi bomba wake ni yupi. Angalia na picha, kama zilikuwa zinapanda kwenye akaunti yako, zake zishushwe kwanza. Mwisho kabisa toa akaunti yako kwenye mipangilio ya simu. Programu za bure alizonazo zitaendelea kufanya kazi na zitasasishwa kwa akaunti yake.

---

mama_wawili_tabata

Nimeinakili yote kwenye karatasi. Na tableti ya mtoto? Kadi yangu ya benki iko kwenye hiyo akaunti.

---

fundi_msamvu

Hiyo usingoje mwisho wa mwezi. Leo hii shika tableti, fungua Play Store, mipangilio, weka uthibitisho kwa kila ununuzi. Mpangilio huo hufanya kazi kwenye kifaa ulipouweka tu, kwa hiyo usidhani ulioko kwenye A14 unailinda na tableti.

Kisha mfungulie mtoto akaunti yake kupitia Family Link, programu ya Google ya mzazi kumsimamia mtoto, kwa kuwa hajafika miaka 13 lazima iwe chini ya mzazi. Utaidhinisha kila anachotaka kuweka ukiwa na simu yako mkononi. Kama kuna programu ulizolipia, maktaba ya familia inawaruhusu watu wengine 5 kuzitumia, ingawa vitu vilivyonunuliwa ndani ya michezo havishirikiwi. Chagua vizuri kikundi cha familia kitakuwa chini ya nani, wewe au baba yao, kwa sababu ukishakihama unaruhusiwa kujiunga na kingine mara moja tu ndani ya miezi 12.

---

kijana_wa_ubungo

Mkuu nimekuelewa. Nimeingia kwenye hiyo orodha ya vifaa, nimekuta Infinix niliyompa shemeji bado imo ndani. Natoa sasa hivi.

---

fundi_msamvu

Mpigie shemeji kwanza. Kama hana akaunti nyingine kwenye hiyo simu, Play Store itagoma kumsasishia programu mpaka aweke yake. Na muulize kama nakala za WhatsApp yake ziko kwenye jimeili yako.